Mhudumu wa Afya na Wiki ya Kwanza ya Mtoto

Siku hizi katika vijiji na mitaa yetu mingi yuko mtu apitaye nyumba kwa nyumba akiwa na begi begani na daftari mkononi. Huuliza ni nani mjamzito, ni nani aliyejifungua, na kama mtoto ananyonya vizuri, kisha huandika. Wengine humpokea kwa furaha. Wengine humjibu mlangoni kwamba mama hayupo, kumbe mama yumo ndani na mtoto wake wa siku tatu. Tena wapo wasemao waziwazi: "Huyu si daktari wala si muuguzi. Mwaka jana tulikuwa tunalima naye. Atatufundisha nini sisi tuliozaa watoto sita?"

Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kumkemea anayeuliza. Kwa hiyo mwezi huu tunapenda kueleza mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafundishwa nini juu ya mama na mtoto mchanga, kwa nini anafundishwa hivyo, na ni mambo gani ambayo hakufundishwa wala haruhusiwi kuyafanya. Familia ikiyajua hayo itajua pia imtumieje.

Tuanze na hesabu kidogo

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila vizazi 100, vizazi 63 vilitokea katika zahanati, kituo cha afya au hospitali. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta idadi imefika 81. Ni maendeleo makubwa, na pongezi za kwanza ni za akina mama wenyewe, maana ndio waliotembea. Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 navyo vilipungua katika muda huo, kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai.

Lakini hebu tuangalie mstari mmoja tu wa taarifa hizo, ule wa watoto wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwaka 2015-16 walikuwa 25 kwa kila 1,000. Mwaka 2022 walikuwa 24. Yaani akina mama wengi zaidi wamejifungulia mikononi mwa wakunga, chanjo na vyandarua vimewaokoa watoto wakubwa kidogo, na hata hivyo kifo cha mtoto mchanga kimebaki karibu palepale. Katika wale 43 tuliowataja, zaidi ya nusu hufa wakiwa bado hawajatimiza siku 28.

Sababu kubwa ni tatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizo ya vijidudu. Ile ya kukosa hewa ni kazi ya mkunga pale pale chumba cha kujifungulia, katika dakika ya kwanza, na mhudumu wa kijiji hawezi kuisaidia. Hizo mbili nyingine humfuata mtoto mpaka nyumbani. Na duniani kote karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika siku 7 za kwanza.

Sasa tufikiri siku hizo 7 zinavyopita kwetu. Mama anajifungua Jumanne usiku. Alhamisi asubuhi, na mara nyingine mapema zaidi kwa kuwa wodi imejaa, anaruhusiwa. Anarudi na mama mkwe au na wifi yake, wanaingia ndani, na mlango unafungwa. Katika makabila yetu mengi mzazi hakai nje mpaka kitovu kimekatika, na wengine husubiri siku 40. Desturi hiyo ina faida yake, kwani humpa mama mapumziko na chakula, na humkinga mtoto na mikono ya wageni. Shida ni kwamba mle ndani, katika siku zile zile ambazo mtoto anaweza kuzimika kama mshumaa, hamna mtu aliyefundishwa kutambua dalili. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Ni mama gani wa kijiji kilicho kilomita 12 kutoka zahanati atakayepanda bodaboda siku ya tatu, na kidonda hakijapona?

Hapo ndipo penye pengo, na ndipo mhudumu anapofundishwa kusimama.

Si jambo jipya

Wazee wetu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wakikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo. Mnamo Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule (leo mji huo uko nchini Kazakhstan), yakakubaliana kwamba afya ya msingi ianzie pale watu wanapoishi, na kwamba wahudumu wa vijiji wawe sehemu ya kazi hiyo. Kwetu mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, ulikuwako mpango wa lishe uliogusa vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yalipelekwa kujadiliwa na kijiji chenyewe. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Wahudumu wale hawakuwa na dawa za ajabu. Walikuwa na mizani na daftari, na kijiji kilikubali kusomewa majibu yake hadharani hata yalipokuwa ya aibu.

Basi mbona wengi wao walitoweka? Kwa sehemu kubwa waliachwa bila malipo na bila msimamizi. Kijiji kiliambiwa kimtunze mhudumu wake, nacho kilimtunza msimu mmoja wa mavuno, kisha kikasahau. Mtu hawezi kuacha shamba lake kila wiki kwa miaka kumi kwa ajili ya asante.

Upande wa uzazi, katika miaka ya 1970 hadi 1990 nguvu nyingi ziliwekwa katika kuwafundisha wakunga wa jadi. Walifundishwa kunawa mikono na kukata kitovu kwa wembe mpya, na kazi hiyo haikuwa bure. Lakini mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na mkunga wa jadi, hata awe na mikono safi kiasi gani, hana dawa ya kukaza mfuko wa uzazi wala damu ya kuongeza. Ndiyo maana msimamo ukabadilika: mama ajifungulie mahali penye mkunga aliyesomea, na mtu wa kijijini afundishwe kazi nyingine kabisa.

Anachofundishwa

Mnamo Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango mpya wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika muda wa miaka mitano. Mafunzo huchukua miezi 6, darasani na kwa vitendo. Hujifunza mambo mengi, tangu kifua kikuu hadi usafi wa maji, lakini sisi leo tunabaki kwa mama na mtoto.

Somo la ujauzito ni refu, ila kiini chake ni kifupi. Mhudumu afahamu mimba mapema, amhimize mama kuanza kliniki kabla ya wiki 12 kutimia, na amfuatilie kama anameza vidonge vya kuongeza damu au anavificha chini ya godoro kwa sababu vinamletea kichefuchefu. Akumbushe chanjo ya pepopunda, chandarua, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki, na kipimo cha virusi vya UKIMWI kwa mama na baba. Tena akae na familia nzima, si mama peke yake, wapange: atajifungulia wapi, atasafiri kwa chombo gani, nani atabaki na watoto, fedha ziko wapi, na nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika. Mambo hayo yakipangwa usiku wa uchungu huwa yamechelewa.

Hufundishwa pia dalili za hatari kwa mjamzito, na hapa tunaomba kila baba asome mara mbili. Kutokwa na damu, hata kidogo. Kuumwa kichwa sana pamoja na kuona ukungu au nyota machoni. Kuvimba uso na mikono. Homa. Maji kupasuka kabla ya uchungu. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Na degedege, yaani kifafa cha mimba, ambacho katika nyumba nyingi bado huitwa pepo au uchawi. Mama mwenye degedege akipelekwa kwa mganga kwanza, tunapoteza saa ambazo hazirudi. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, na wa haraka kuliko wote.

Baada ya kujifungua hujifunza kumwangalia mama na mtoto pamoja. Kwa mama, mhudumu huuliza juu ya damu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, matiti, maumivu ya mguu mmoja uliovimba. Huuliza pia juu ya moyo wake. Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, asiyetaka kumshika mwanawe, huyo si mvivu wala hajalaaniwa. Anahitaji msaada, na upo.

Kwa mtoto, kazi yenyewe hasa ni kutazama. Tungependa kueleza jambo moja kwa kirefu ili wasomaji waone kwamba hata jambo dogo lina ufundi wake, nalo ni kuhesabu pumzi. Mtoto mchanga mwenye nimonia au maambukizo ya damu mara nyingi hana kikohozi, wala homa kali, wala kilio kikubwa. Anapumua mbiombio tu, halafu ananyamaza. Ukitazama kwa haraka utasema amelala. Mhudumu hufundishwa kumfunua kifua na tumbo mtoto akiwa ametulia, si akinyonya wala akilia, na kuhesabu kila kupanda kwa tumbo kwa dakika moja nzima kwa saa au kwa simu. Wanafunzi wengi hupenda kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, nao wakufunzi huwakataza kabisa, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja: hukimbia kidogo, hutulia, hukimbia tena. Nusu dakika yaweza kudanganya. Akipata 60 au zaidi, ahesabu mara ya pili. Zikiwa 60 tena, mtoto aende kituoni saa ile ile. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja kipimo ni 50, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Hutazama vilevile kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani mtoto anapovuta hewa. Ukiiona mara moja hutaisahau, na ndiyo sababu mafunzo ya kweli hufanyika wodini kwa watoto wagonjwa. Picha ya ukutani haitoshi.

Dalili nyingine za hatari kwa mchanga ni hizi: amekataa kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, ana degedege, amelegea na hajitikisi mpaka aguswe, mwili ni wa moto au ni wa baridi, kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha, manjano imefika viganjani na kwenye nyayo. Angalieni kwamba baridi nayo imo. Wengi wetu tunaogopa joto tu. Mhudumu hushika nyayo za mtoto na kuzilinganisha na tumbo. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa baridi, mtoto ameanza kupoteza joto, na dawa ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na khanga au blanketi juu yao wote wawili. Mtoto njiti hubebwa hivyo usiku na mchana, na mama akichoka, bibi au baba mwenyewe ampokee. Baba aliyembeba njiti kifuani hajapungukiwa kitu.

Hupima pia unyonyeshaji. Ziwa la mama ndani ya saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano ambayo baadhi yetu huyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Kisha maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji, bila uji mwepesi, bila dawa za kienyeji za tumbo. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, baada ya siku chache za kwanza, anapata maziwa ya kutosha, hata kama bibi anasema analia njaa.

Kumpita bibi mlangoni

Sehemu ngumu ya mafunzo si hesabu wala dalili. Ni mlango. Kwa hiyo darasani huchezwa maigizo. Mwanafunzi mmoja hufunga khanga kichwani na kuwa bibi, mwingine huwa mhudumu, na mambo huenda hivi:

– Hodi, hodi hapa.

– Karibu.

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, mwanangu. Umekuja na daftari lako tena?

– Daftari ninalo, bibi, lakini kwanza nimekuja kuwapa hongera. Nasikia mmepata mgeni.

– Mgeni tunaye. Ila kitovu bado. Hatoki nje, wala haonwi na mtu.

– Ni vema, bibi, wala sitaki atoke. Naomba maji na sabuni ninawe hapa hapa, niingie mimi. Nawe ukae karibu uone ninachofanya.

Hapo mkufunzi husimamisha igizo na kuwauliza wengine: amekosea wapi, amepatia wapi? Aliyepatia ni yule aliyemfanya bibi kuwa mwenzake. Bibi ndiye atakayelala na mtoto usiku, ndiye atakayeona kwanza kwamba amekataa ziwa. Mhudumu akimwaibisha mbele ya mkwewe kwa sababu ya majivu au samli iliyopakwa kitovuni, amepoteza nyumba hiyo na huenda ukoo mzima. Afadhali aanze kwa kusifu lililo jema, kwamba mama amepewa uji na amepumzishwa, kisha aeleze kwamba kitovu ni kama mlango ulio wazi kwenda mwilini, na majivu, mafuta, mate au samadi ya ng'ombe huingiza pepopunda na vijidudu vingine. Kiachwe kikavu, kisifunikwe na nepi, kitakatika chenyewe. Kuoga kunaweza kungoja mpaka saa 24 zimepita.

Jambo jingine linalofundishwa ni siri. Mhudumu ni jirani yetu. Anajua nani ameanza dawa za UKIMWI, nani mimba yake imeharibika, binti wa nani ni mjamzito. Daftari lake halisomwi kilabuni wala kwenye foleni ya maji. Akitoa siri ya nyumba moja, nyumba kumi zitafungwa, na yeye asishangae.

Na hufundishwa kumtembelea mama aliyempoteza mtoto. Wengi humkwepa mama huyo kwa kutojua la kumwambia. Lakini mwili wake umezaa kama wa wengine: anaweza kutokwa na damu, kupata homa, na matiti hujaa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Ziara zake haziondolewi katika ratiba.

Je, mafunzo haya huokoa kweli?

Tusifichane, majibu hayakuwa sawa kila mahali. Huko India, wilayani Gadchiroli katika jimbo la Maharashtra, madaktari wawili, Abhay Bang na mkewe Rani Bang, waliwafundisha wanawake wa vijijini wenye elimu ya miaka michache kuwatunza watoto wachanga majumbani, hata kuwatibu maambukizo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999: kufikia mwaka wa tatu vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji visivyo na huduma hiyo.

Kwetu, katika wilaya sita za mikoa ya Lindi na Mtwara, kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wahudumu wa kujitolea walitembelea nyumba mara tatu wakati wa ujauzito na mara mbili baada ya kujifungua. Walikuwa hata na picha ya unyayo kwenye kadi: unyayo wa mtoto ukiwa mfupi kuliko picha, mtoto huyo ni mdogo mno na anahitaji matunzo ya ziada. Akina mama walijifunza, na wengi zaidi waliwapa watoto maziwa ya mama peke yake katika siku za kwanza. Lakini watafiti walipohesabu vifo, hawakuona vimepungua.

Kwa nini tofauti hii? Wataalamu wameandika mengi. Sisi tunaona kwamba jibu kubwa liko katika kitu kinachosimama nyuma ya mhudumu. Mhudumu wa Gadchiroli alikuwa na dawa katika mfuko wake na msimamizi aliyemtembelea mara kwa mara. Wa kwetu alikuwa na maneno mazuri, na maneno yake yalimpeleka mama kwenye zahanati ambayo pengine siku hiyo haikuwa na dawa wala mtu. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mhudumu aliyefundishwa vizuri anaondoa ule wa kwanza, na anasaidia ule wa pili. Wa tatu haumo katika begi lake, na serikali, pamoja na hospitali zote, zetu za mashirika ya dini zikiwemo, ndizo za kuulizwa.

Kwa huo wa pili kuna msaada ambao familia nyingi bado hazijauzoea. Tangu mwaka 2022 mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama umekuwa ukienezwa nchini: mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akiwa katika hatari, hupigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa.

Asiyoyafanya

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hazalishi. Hachomi sindano za kuongeza uchungu. Hauzi dawa, na akianza kuuza, wajulisheni viongozi wa zahanati inayomsimamia. Msimlazimishe pia. Wapo wanaomwita saa saba usiku wakimsihi amzalishe mama nyumbani kwa kuwa "si umesomea". Anachoweza kufanya usiku huo ni kupiga simu, kuwasindikiza, na kumweleza muuguzi yale aliyoyaona.

Juu ya kumchagua, tuna maoni yetu. Zamani vijiji vilimchagua mama mtu mzima aliyezaa na anayeheshimika, hata kama alisoma hadi darasa la nne. Siku hizi hupendelewa kijana aliyemaliza sekondari, kwa sababu kuna taarifa za kujaza, mara nyingine kwenye simu. Kijana anaandika haraka, ni kweli. Lakini je, bibi atamfungulia? Mahali penye nafasi mbili, tungependa mmoja awe mtu mzima mwenye watoto. Na jumuiya zetu ndogondogo zinawajua watu wake: ni nani huenda kumwona mgonjwa bila kutumwa, ni nani huweka siri. Jina la mtu wa namna hiyo likitajwa katika mkutano wa kijiji, litetewe, hata kama si ndugu ya mwenyekiti.

Kwa nyumba yenye mjamzito sasa hivi, wekeni maji na sabuni mlangoni kabla ya mtoto hajarudi. Mwambieni bibi mapema kwamba kuna mtu atakuja, na aje siku ngapi. Namba ya mhudumu na ile 115 ziandikwe kwa kalamu nzito kwenye jalada la kadi ya kliniki, si kwenye simu ya baba peke yake, kwa maana simu ya baba huenda naye kazini. Na siku ya tatu ikipita bila mhudumu kubisha hodi, mtumeni mtoto mkubwa akamwite.